Mizani ya Mlangoni Kiganjo

Wiki iliyopita mmoja wenu, wauguzi wa kitengo chetu cha figo, alinipigia simu akaniuliza, kwa heshima sana, mizani ya zamani ya kitengo iko wapi. Ile ya kijivu yenye ufa kwenye kioo, ambayo stoo waliiandika kuwa imeharibika na sisi tukaendelea kuitumia. Nilimwambia nitajibu kwa maandishi. Nina muda sasa. Nimestaafu, kuku wangu hawahitaji kupimwa uzito kila asubuhi, na mzee wangu amechoka kuniona nikiikagua miguu yake kama imevimba. Jibu mtalipata, lakini mtalipata mwishoni, kwa sababu ukimwuliza mtu wa umri wangu swali fupi umejitakia.

Kwa mashine za kusafisha damu sikujipeleka. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi pale Thika, nimezoea watu wanaoingia wakipiga kelele na kutoka wakicheka. Siku moja nikaambiwa kesho uripoti kile chumba cha mwisho cha korido. Ndani nikakuta mashine nne, viti vinne na harufu ya siki iliyochanganyika na dawa ya kuoshea. Mkuu wa kitengo alikuwa Sista Akinyi, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani akaniuliza, "Unajua kunyamaza?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kaa na huyu mgonjwa masaa manne. Usimwongeleshe. Muangalie uso tu."

Nilikaa. Saa ya tatu yule mgonjwa akaanza kupiga miayo, na kabla sijaelewa ni nini, Sista Akinyi alikuwa ameshafika, amemlaza chini na kumrudishia maji mwilini. Presha ilikuwa imeshuka. Mashine ilipiga kengele yeye akiwa tayari ameshamaliza kazi. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba kengele huja kumpongeza muuguzi mwenye macho na kumshtaki asiye nayo.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: pima kwanza, salamu baadaye. Mtu ambaye figo zake zimelala hakojoi, au anakojoa kidogo tu, kwa hivyo kila anachokunywa kinabaki ndani mpaka siku ya mashine. Lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. "Mgonjwa atakuambia amekunywa kikombe," Sista Akinyi alikuwa akisema. "Mizani itakuambia ilikuwa ndoo. Wewe amini mizani." Niliamini. Miaka na miaka nilimsimamisha mtu kwenye mizani kabla hata ya kumwuliza jina la mama yake, nikausoma uzito kwa sauti, na mwenzangu aliye mezani akaandika. Tulifanya hivyo kwa haraka na kwa usalama, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mle ndani wote ni wagonjwa.

Nilikuwa na kitabia kimoja ambacho mlikicheka. Kwenye daftari la zamu wengine waliweka tiki mgonjwa akiingia. Mimi niliandika neno zima: kafika. Sista Akinyi aliniuliza kwa nini napoteza wino wa serikali. Nikamwambia tiki mtu anaweza kuiweka hata bila kuinua kichwa. Alinirudishia kalamu, na kwa Sista Akinyi hiyo ilikuwa sawa na kupigiwa makofi.

Watu wazima sikuwa na shida nao. Watalala, wataomba, watabishana siasa mpaka masaa manne yaishe. Watoto wadogo wana mama zao kando. Waliokuwa wakinishinda ni wale wa katikati, wa miaka kumi na nne hadi kumi na tisa. Tulikuwa nao saba, wote wa Jumanne na Ijumaa. Walikuwa wanaingia wamevaa kofia za sweta mpaka machoni, wanageukia ukuta, na ukiwauliza habari wanakujibu "poa" kwa sauti ya mtu anayezikwa.

Mmoja wao alikuwa Brayo, kijana wa Kamenu, mcheshi akiwa na nguvu. Siku moja nikimtoa sindano aliniuliza, "Sista, ukitoka hapa unaendanga wapi?"

"Nyumbani. Sokoni. Kanisani. Kwani?"

"Mimi naendanga kulala tu. Mabeshte waliacha kuniita. Wakiwa na sherehe wanasema nitawafia huko."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka, na usiku ule sikupata usingizi wa maana. Asubuhi nikaenda kutafuta mtu wa kudhamini sherehe ya wale saba.

Hapa nawaambia vijana wangu kitu ambacho hakifundishwi chuoni. Mdhamini hatafutwi kwa barua. Barua inaenda kulala kwenye droo. Mdhamini anatafutwa kwa miguu, asubuhi, kabla wateja hawajajaa dukani. Mimi nilienda kwa Mzee Kariuki, mwenye duka la hadiwea Kamenu, mtu mnene wa kofia ya pama, ambaye marehemu kaka yake alikuwa mgonjwa wetu. Alinisikiliza akiwa anapima misumari. "Leta hao watoto, Sista," akasema. "Ukumbi, chakula, muziki, yote juu yangu. Lakini nitaongea kidogo." Kidogo ya Mzee Kariuki, nilikuja kujua, ni muda wa kupika githeri kuanzia mahindi makavu.

Ukumbi tulipata wa kanisa, Kiganjo. Mpishi alikuwa Mama Shiru, wa kikundi cha akina mama wa hapo, mwanamke ambaye kama hakupika kwa ruracio yako, sherehe ya mahari, basi watu walikuwa na shaka kama umeoa. Nilimkalisha nikampa orodha. Ndizi, hapana. Parachichi, hapana. Maharagwe, hapana. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena, kwa sababu vina madini ambayo figo nzima huyatoa, na yakibaki kwenye damu yanaweza kuusimamisha moyo. Nanasi kipande kimoja, na hapo tumshukuru Mungu, maana kijana wa Thika kunyimwa nanasi ingekuwa adhabu ya pili. Mama Shiru alirudia orodha yote kwa kichwa bila kukosea hata moja. Nikaenda zangu nimetulia.

Siku ya sherehe, Jumamosi, chakula kilikuwa sawa kabisa. Nilionja viazi mwenyewe, havikuwa na ladha hata chembe, nikafurahi. Halafu nikageuka nikaona akina mama sita wakipita kati ya meza, kila mmoja na chupa ya chai.

"Mama Shiru! Na hii chai?"

"Haiya! Si uliniambia chakula? Chai hukusema."

Na kweli sikusema. Mtu wa kwetu hawezi kukaribisha mgeni halafu mgeni atoke na mdomo mkavu, hiyo ni laana. Na hakuna mtoto aliyelelewa vizuri anayeweza kumwambia hapana mama mwenye umri wa mama yake aliyesimama mbele yake na chupa akisema, "Kunywa, mwanangu, umekonda sana." Walikunywa. Baada ya chai ikaja soda. Baada ya soda Mzee Kariuki akaongea kidogo, watu wakakaukiwa koo, na chai ikarudi.

Kosa langu lingine lilikuwa ile siku yenyewe. Jumamosi! Mashine yao ni Jumanne. Maji yale yote yalikaa ndani yao siku tatu. Jumanne Brayo alipanda mizani akiwa ameongeza karibu kilo tano, anapumua kama amepanda kilima na gunia mgongoni. Tulimtoa maji polepole, miguu ikamkakamaa, akapiga mayowe mpaka watu wa maabara wakaja kuchungulia. Daktari alinikemea mbele ya kila mtu. Jioni, alipokuwa sawa, Brayo aliniita kwa kidole. "Sista, kuumia nimeumia. Lakini ile chai ilikuwa tamu, woi."

Basi sherehe ya pili nikaipanga kama vita. Likizo ya shule, siku ya Jumatatu, ili kesho yake wawe kwenye mashine. Shikeni hilo, ni la maana: sherehe iwe siku moja kabla ya mashine. Chai nikaipiga marufuku. Na kwa sababu nilikuwa bado nasikia sauti ya daktari masikioni, nikabeba mizani ya kitengo, ile ya kijivu, nikaiweka mlangoni pa ukumbi, Kiganjo. Nikaweka meza na daftari. Nikavaa yunifomu. Kila kijana apimwe akiingia, apimwe akitoka, nijue amekunywa kiasi gani. Nilijiona nina akili kupita kiasi.

Kati yao kulikuwa na msichana wa Gitothua, Ruiru, anaitwa Nyambura. Alikuwa na miaka kumi na tano, analelewa na nyanya yake, na alikuwa na miezi mitatu tu kwenye mashine. Bado alikuwa na mpira wa plastiki shingoni, ule tunaopitishia damu kabla mshipa wa mkononi haujakomaa. Shuleni hakuna aliyejua. Walikuwa wameambiwa ana pumu. Siku hiyo alikuja na gauni la njano alilolishona nyanya yake, na skafu ya njano iliyofungwa vizuri shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona meno yake.

Nikamwambia, "Vua viatu. Toa na hiyo skafu. Panda."

Alisita. Nyuma ya meza ya muziki palikuwa na vijana wa kanisa waliokuja kusaidia na spika. Nyambura alitazama upande huo, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa naangalia foleni. "Haraka, mama, wenzako wanangoja." Akafungua skafu. Bandeji na ule mpira vikaonekana. Akapanda, nami nikasoma kama ninavyosoma kila Jumanne na Ijumaa, kwa sauti ya kufika mezani: "Nyambura, thelathini na tisa nukta sita! Umeongeza kilo mbili!"

Muziki ulikuwa umenyamaza wakati huo. Watu wa spika walikuwa wanabadilisha waya.

Alishuka. Akavaa viatu, akachukua skafu, akatoka mlangoni bila kukimbia. Nilidhani ameenda msalani. Nikamwita aliyefuata.

Kesho yake, Jumanne, kiti chake kilikuwa kitupu. Nilipiga simu ya nyanya yake mara sita, haikushikwa. Mnaofanya kazi hii mnajua maana yake. Mashine yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne tayari ni mbali. Kukosa Jumanne kunamaanisha maji yanapanda kifuani na yale madini yanajaa kwenye damu, na hakuna anayeweza kukuambia moyo utasimama saa ngapi. Msichana yule angeweza kufa wiki ile, na angekufa kwa sababu mimi nilisoma namba kwa sauti.

Jumatano nikaomba ruhusa nikaenda Gitothua. Niliuliza njia mpaka nikaipata ploti, nyuma ya kinu cha kusagia unga. Nyanya yake alinifungulia, mama mdogo wa kimo mwenye mikono ya kazi.

"Amekataa, nesi," akaniambia kabla sijaketi. "Ananiambia nimwache afe akiwa msichana, asife akiwa mgonjwa. Mimi nitafanya nini? Nimbebe mgongoni?"

Nyambura alikuwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni. Akilala chini hakupata pumzi, niliona hilo kutoka mlangoni. Macho yalikuwa yamevimba. Nyanya akafanya anachofanya kila nyanya: akaniletea chai. Nikaishika bila kunywa.

"Kunywa tu, Sista," Nyambura akasema. "Mimi nimezoea kuangalia."

Niliweka kikombe chini. "Nyambura, kesho—"

"Mlisema ni party." Alikuwa anaongea maneno mawili, anapumzika. "Kwa kliniki nipime tu, sawa. Lakini mlisema party. Kumbe mnatupima mlangoni kama kahawa ya faktori. Na unasoma kwa nguvu, kila mtu asikie. Kimani ako kwa darasa yetu, Sista! Alikuwa pale kwa spika. Nilitaka kuwa msichana tu. Siku moja tu. Hata hiyo ni mingi?"

Mimi si mtu mwepesi wa kuomba msamaha. Mwulizeni mzee wangu. Na kumwomba mtoto, katika malezi niliyolelewa, ni jambo lisilofanyika. Lakini nilimwambia, "Nimekukosea. Nisamehe." Nikaona nyanya yake amegeuza uso akiangalia dirishani, akitupa nafasi.

Nyambura alivuta shuka mpaka kifuani.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi mashine ya tatu ni yako," nikamwambia. "Sitakutumia mtu wala sitapiga simu. Nitakungoja tu."

"Na nisipokuja?"

"Nitakaa nikikitazama kiti."

Niliondoka. Nilitaka kumbeba kwa nguvu, nawaambia ukweli. Lakini ukimbeba leo, Ijumaa atatoroka tena, na mimi nilikuwa nimeshamburuta vya kutosha.

Alhamisi saa kumi na mbili mashine ya tatu ilikuwa imeoshwa, imejaribiwa, inangoja. Mgonjwa wa zamu hiyo, mwalimu mmoja mpole, alikuwa amekubali kuja mchana. Saa moja ikafika. Sista Akinyi akaja akasimama kando yangu.

"Muthoni, hiyo mashine inamngoja nani?"

"Inamngoja Nyambura."

Alitazama saa ya ukutani. "Kuna watu wawili wa dharura kule nje. Saa mbili kamili nampa mmoja."

Sikubishana. Angekuwa mgonjwa mwingine, ningesema vivyo hivyo. Nilisimama hapo nikapanga mikasi ambayo ilikuwa imeshapangwa. Saa moja na nusu. Saa moja na dakika arobaini. Niliomba, na sala yangu haikuwa na adabu, nilikuwa kama ninagombana na Mungu. Saa mbili kasoro dakika sita nikasikia viatu vya mpira vikiburuzwa kwenye korido. Nyanya alikuwa mbele, ameshika mlango. Nyambura alikuwa nyuma yake, ameegemea ukuta, amefunga ile skafu ya njano.

Ngai, Mungu wangu!

Sikumsogelea na mizani. Nilimwuliza chinichini, "Nikupime?" Akakubali kwa kichwa. Niligeuza kioo cha mizani kikamtazama yeye peke yake, nikasoma kimoyomoyo juu ya bega lake, nikaandika kwenye kikaratasi, nikakikunja, nikampa mwenzangu wa mashine bila neno. Tukamwunganisha. Dakika arobaini baadaye alianza kupumua bila kuinua mabega. Nikachukua daftari. Niliandika macho yangu yakiwa bado kwake, na ile K ilitoka imepinda kama ya mtoto wa nasari. Kafika. Halafu nikaenda chumba cha maji, nyuma ya matangi, nikalia kama mtu aliyefiwa, ilhali hakuna aliyekufa.

Sista Akinyi alinikuta huko. Hakunishika bega, hakuwa mtu wa mabega. "Pima kwanza, salamu baadaye, hiyo ni sheria ya humu ndani," akasema. "Nilisahau kukuambia kwamba nje ni kinyume."

Sherehe ya tatu aliipanga Nyambura. Aliandika masharti akiwa kwenye mashine, nyuma ya boksi la glavu, nami nikashika boksi lisisogee. Hakuna mizani. Hakuna yunifomu. Sala iwe moja na isitaje ugonjwa. Hotuba hapana. Mtu asiulizwe "unaendelea aje". Na sharti la mwisho, ambalo alilipigia mstari mara mbili: kila mtu atakunywa kikombe kimoja kidogo, na kila mtu ni kila mtu. Akina mama, watu wa muziki, mimi, mdhamini.

Kumwambia Mama Shiru kulichukua mchana mzima. "Kikombe kimoja? Watu watasema nilifilisika!" Lakini alikubali, na akaongeza lake: akagandisha maji ya nanasi kwenye vijiti, vipande vidogo vya kunyonya polepole. Hiyo ndiyo akili ya mpishi. Mtu anadhani anakula kitu siku nzima, kumbe ni vijiko viwili vya maji. Mpaka leo naona mnawapa vijana barafu kwenye kitengo. Basi mjue ilitoka jikoni Kiganjo, haikutoka kwa vitabu.

Mzee Kariuki alikuja na kofia yake, akapewa kikombe chake kidogo. Akakimaliza wakati wa sala. Akatazama kushoto na kulia, hakuna chupa. Saa moja ikapita, jua linawaka, nyama ina chumvi kidogo lakini ni nyama. Mzee akawa anameza mate. Baada ya saa ya pili sikumwona kwenye kiti. Mara tukasikia Brayo akipiga kelele nje, akimwita mzee guka, yaani babu: "Amekamatwa! Guka amekamatwa kwa mfereji!"

Tulitoka wote. Mzee Kariuki alikuwa ameinama kwenye mfereji wa bomba nyuma ya ukumbi, kofia mkononi, maji yanamtiririka kidevuni. Vijana walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye mwenyewe alicheka. Halafu akaacha kucheka, akajipangusa mdomo, akamwuliza Brayo, "Kwani nyinyi mnaishi hivi kila siku?"

"Kila siku, guka."

Mzee alifunga mfereji, akaukaza sana, kama mtu anayeuogopa. Akarudi ndani akakaa. Hakuongea hata kidogo siku hiyo, na miaka yote iliyofuata alidhamini bila kuomba kipaza sauti. Alikuwa anakuja, anachukua kikombe chake, anakinywa polepole mpaka jioni. Akawa anajisifu kwa wateja wake kwamba sasa anakimaliza wa mwisho.

Na yule Kimani wa spika? Kwa taarifa yenu, siku ile ya mizani hakuona wala hakusikia chochote. Alikuwa chini ya meza anatafuta waya, amevaa spika za masikioni. Alimwuliza Nyambura kwenye sherehe ya tatu kwa nini ile siku aliondoka kabla ya dansi. Nyambura alinitazama kutoka upande ule wa ukumbi, mimi nikajifanya nakunja vitambaa. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga ukelele. Tulikaribia kumzika mtoto kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. Lakini yeye alikuwa amejiona, na hiyo ilitosha.

Si wote saba wapo leo. Sitawaandikia habari za walioondoka, mnazo za kwenu. Brayo bado yuko kwenye mashine na anatengeneza simu mjini Thika, mkipeleka mwambieni awapunguzie. Nyambura alipewa figo na shangazi yake. Nilikuwa naye kwenye simu siku alipokojoa vizuri kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji. Alinipigia simu kutoka msalani kunitangazia, na mimi nilikuwa kwa foleni ya benki, nikapiga vigelegele watu wakanitazama.

Sasa mizani. Mwezi uliopita, mkiniaga, mliniambia nije Kiganjo saa nane, ukumbi uleule. Nilikuja nimevaa gauni jipya, najisikia mtu. Mlangoni nikakuta meza na daftari, na ile mizani ya kijivu, ufa wake uko palepale. Nyuma ya meza Nyambura, mwanamke mzima, amevaa skafu ya njano.

"Sista, viatu," akasema.

"Wee Nyambura! Wewe!"

"Haraka, mama. Wenzako wanangoja."

Nyuma yangu nyote mlikuwa mmejipanga, na Mzee Kariuki na mkongojo wake, na Mama Shiru. Nikavua viatu. Soksi yangu moja ilikuwa na tundu. Nikapanda. Niwaambie kitu: mimi niliyepandisha watu wengi kwenye ile mizani, nilitamani kushuka nikimbie. Nilihisi macho yenu yote mgongoni. Nikanong'ona, "Tafadhali usisome kwa sauti."

Aliinama, akageuza kioo kikanitazama mimi peke yangu. Uso wake haukuonyesha lolote, kazi safi. Akaandika kwenye kikaratasi, akakikunja mara mbili, akanitia mkononi. Sikukifungua hapo. Niliingia, nikakaa, nikapewa kikombe changu kidogo, nikangoja sala iishe.

Hakikuwa na namba. Kilikuwa na neno moja, na ile K ameiandika imepinda kama yangu ya Alhamisi ile: kafika.

Mizani iko kwa Nyambura, Gitothua. Nunueni nyingine.